Walzi Iliyoanza kwa Mzaha

Mwanangu,

Unauliza kama ni kweli ile walzi, yaani muziki wa dansi, ya mtunzi Johann Strauss, Danube ya Buluu, inayopigwa Vienna, mji mkuu wa Austria, kila Mwaka Mpya, iliangukia pua siku ya kwanza. Wanaosema hivyo wanatia chumvi. Watu waliipigia makofi, ikarudiwa mara moja, basi. Ila kwa Strauss, aliyezoea kudaiwa arudie tena na tena, hayo yalikuwa mapokezi ya baridi.

Kumbuka hali ya mji. Julai 1866 Austria ilichapwa na Prusia huko Königgrätz, na kanivali iliyofuata, msimu wa dansi kabla ya Kwaresima, iliwakuta watu hawana raha. Chama cha kwaya ya wanaume kikataka kitu cha kuchangamsha. Strauss akatunga muziki. Maneno akayatia Josef Weyl, mtumishi wa polisi aliyekuwa mshairi wao wa vichekesho. Upande mmoja wa kwaya unaimba: Watu wa Vienna, furahini! Mwingine unadakia: Ala! Kwa lipi? Hata kwetu, utani msibani una mwenyewe, na si kila mfiwa atacheka.

Ndiyo iliyoimbwa tarehe 15 Februari 1867, ukumbi wa Dianabad, bendi ya jeshi ikisindikiza.

Mimi lawama namtupia Weyl. Sikiliza mwanzo wake bila maneno: fidla zinatetemeka chini kwa chini, honi, ala ya kupuliza, inapanda noti tatu taratibu, kisha ala nyingine zinaitikia kwa juu, kama haziamini bado. Muziki huo hauna haraka. Zinakuja walzi tano zilizoungana, na mwishoni ule wimbo wa kwanza unarudi. Kichekesho kinataka kukimbia. Utaimbaje vyote viwili kwa pumzi moja?

Mwaka uleule Strauss akaenda nayo Paris kwenye Maonyesho ya Dunia, okestra peke yake, na wenyeji wakapagawa. Tangu hapo haikushikika. Hata mtunzi Brahms, mtu mzito wa simfoni, alipoombwa sahihi kwenye kipepeo cha kujipepea cha mwanamke wa nyumba ya Strauss, aliandika noti za mwanzo za walzi hiyo na kuongeza: kwa bahati mbaya si ya Johannes Brahms.

Mwaka 1890 Franz von Gernerth aliitungia maneno mengine, ya kuusifu mto Danube, na kwaya wanayaimba mpaka leo. Na Aprili 1945, Austria iliporudisha jamhuri yake ikiwa haina wimbo wa taifa, ilipigwa hiyohiyo mbele ya Bunge.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba