Shingo ikibana mpaka mkono ukafa ganzi, usikubali mtu akuzungushe kichwa

Hii naiandika hasa kwa wenzangu wa Lamu, manake kila pahali nasikia mtu analalamikia shingo na mkono, na dawa ya kwanza anayoambiwa ni "nenda kwa fulani akakuvute shingo mpaka ilie." Jamani, hapana. Kabla hujampa mtu kichwa chako nisome kwanza.

Mimi kazi yangu kushona kofia za vito, na anayeijua hii kazi anajua kichwa kinainama toka chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, halafu ukiweka kofia chini unashika simu na kichwa kiko palepale. Kwangu yalianza maumivu nyuma ya bega la kulia kwenye kombe la bega, watu wakaniambia ni baridi imeingia, yakashuka mkononi yanachoma mpaka gumba na kidole cha shahada vikawa ganzi, sindano nimeishika lakini siisikii. Usiku ndo balaa. Nafuu ilikuwa nikiweka mkono juu ya kichwa, na baadae fizio (mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono na mazoezi) akaniambia hiyo yenyewe ni dalili, manake mkono ukiwa juu neva, yaani ule uzi unaopeleka hisia na nguvu mkononi, inalegea kidogo.

Shingo ina pingili 7, yaani vile vifupa vya uti vilopangana, na humo hutoka neva jozi 8, za juu ni za kichwa na shingo, za chini zaenda mabegani na mikononi. Baina ya pingili kuna diski, kama kijito laini, ikituna au umri ukifanya mfupa uote vinundu, ule upenyo unaopitisha neva unakuwa mwembamba, neva inabanwa kama kamba kwenye kapi, unavuta huku na kule haiendi. Ndo mana shida iko shingoni na kelele ziko vidoleni. Na vidole vyenyewe vinaeleza: gumba na shahada mara nyingi ni neva ya 6, kidole cha kati ni ya 7, kile cha pete na cha mwisho ni ya 8. Kwa hivo ukienda kutibiwa sema kidole gani, usiseme tu mkono wauma.

Sasa fizio mzuri utamjua vipi? Hakugusi kukutibu kabla hajakupima. Dada alonitibu aliniuliza maswali mpaka nikachoka, akapima nguvu za mikono yote miwili, akagonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira, akapitisha pamba kwenye ngozi, akainamisha kichwa changu upande na kukikandamiza polepole kuona kama maumivu yatashuka mkononi. Hakuniambia nikimbilie Mombasa kupiga emarai (ile picha ya MRI inayoonyesha mpaka neva). Eksirei huonyesha mifupa, neva haionyeshi, na emarai wanaiagiza mkono ukizidi kudhoofika au matibabu yakikataa. Na muulize leseni yake bila haya, mafizio Kenya wana baraza lao kwa sheria ya 2014, mwenye leseni hatakasirika.

Matibabu yenyewe ni ya pole sana, wengine wanashangaa wanasema ndo hivi tu? Unalala chali, anashika kichwa chini ya kisogo anakivuta taratibu, anashikilia, analegeza, anavuta tena, na pale wallahi mimi nilisikia mkono unapumua. Kisha anakandamiza pingili moja moja kwa vidole gumba. Kuna madaraja manne ya mikandamizo hiyo yalopangwa na fizio wa Australia, Geoffrey Maitland, la 1 na 2 ni miguso ya pole ya kutuliza maumivu, la 3 na 4 yanaenda mbali zaidi kwa shingo ilokakamaa. Mwisho anakanda misuli ya bega, anaunyoosha mkono na kuukunja ili neva iteleze, sio kuivuta kwa nguvu.

Angalia hapa, hili ndilo la kushika: maumivu yakitoka vidoleni yakarudi juu begani na shingoni, hata kama shingo yenyewe inauma zaidi kidogo, unaenda vizuri. Yakizidi kushuka kuelekea vidoleni, mwambie aache hapohapo, na fizio mzuri atabadilisha.

Lakini mikono yake peke yake haitoshi, ile nafuu inakwisha ukirudi nyumbani usipofanya mazoezi. Langu kubwa ni la kidevu, unakaa wima, unakirudisha nyuma moja kwa moja bila kuinamisha kichwa, unahesabu mpaka 5, mara 10, kila baada ya sala ndo rahisi kukumbuka. La pili kubana makombe ya mabega nyuma. Kofia sasa naiweka juu ya mito miwili mapajani, ndoo kichwani sibebi, silali kifudifudi, na kwenye boti ya Mokowe nakaa nyuma kwa nahodha, mbele inakurusha na kila wimbi linapiga shingo. Wengi wanapona bila operesheni, ni wiki mpaka miezi, sio siku mbili.

Mashangazi wetu wa kukanda na mafuta ya simsim siwakatai, mabega yakikandwa kwa mafuta ya moto yanalegea na usingizi unakuja, ila shingo wasiivute. Na hawa vinyozi wanaomaliza kunyoa wakazungusha kichwa ka! kulia ka! kushoto, mume wangu nimemkataza kabisa. Ndani ya pingili hizo inapita mishipa ya damu ya kwenda kwenye ubongo, mshtuko wa ghafla unaweza kuichana na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini shingo ni moja.

Ukiona mikono yote miwili inadhoofika, vifungo vinakushinda, unayumba ukitembea, mkojo hauzuiliki au haja huisikii, au maumivu yamekuja na homa, au baada ya kuanguka, usiende kwa fizio wala kukandwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kizunguzungu cha ghafla, kuona viwili au ulimi kuwa mzito vilevile.

Dada zangu, shingo na mabega lazima yafunuliwe, uliza kama kuna fizio mwanamke, vaa ndani ya buibui blauzi ya mikono mifupi ilo wazi mgongoni na nenda na mtu wako. Na nyie wa Faza na Siyu ambao nauli ya boti kila wiki ni mzigo, mwambie fizio akurekodi kwa simu yako mwenyewe ukifanya mazoezi mbele yake, ili ukifika kwenu ufanye vilevile mpaka siku ya kurudi.