Mabadiliko, hitilafu au tofauti za jeni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri hapa Arua. Nilipewa fomu ya ridhaa ya utafiti unaochunguza kwa nini virusi vilevile humlaza mtu mmoja kitandani na mwingine visimfanye kitu. Nikaandika kwamba damu itapimwa "ili kuangalia mabadiliko ya jeni za kinga ya virusi". Mama mmoja akasoma, akamvuta mtoto wake karibu, akauliza, "Mnataka kumbadilisha mwanangu jeni?" Mwenzangu anasema ningeandika "hitilafu za jeni". Nani kati yetu amekosea?

JIBU: Marahaba. Mmekosea nyote wawili. Yule mama ndiye aliyepatia, maana alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

"Mabadiliko" hubeba tendo ndani yake. Kitu kilikuwa hivi, sasa kimekuwa vile. Msomaji akikutana nalo hujiuliza mara moja: nani kakibadilisha, na lini? Mbele ya sindano na kichupa cha damu, jibu la karibu kabisa ni yule aliyevaa koti jeupe. Kumbe utafiti wenyewe unalinganisha watu tu. Jeni, yaani agizo la urithi lililo ndani ya seli, kwako imeandikwa hivi, kwa jirani yako imeandikwa vile, na kila mmoja kazaliwa nayo, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ni kweli kwamba hapo kale ilianza kama badiliko, kwa babu au bibi mmoja asiyejulikana. Lakini fomu yako haisimulii habari za bibi huyo. Yaweke "mabadiliko" kwa virusi, ambavyo kweli hubadilika vikiwa safarini, kama tulivyosikia redioni kila wiki wakati wa korona.

Hitilafu ina historia tamu zaidi. Kwa Kiarabu asili yake ni kutofautiana tu, na masheikh wetu bado husema "hitilafu za wanazuoni" bila kumaanisha kwamba mwanazuoni mmoja ni mbovu. Ndugu wakihitilafiana, wote wazima. Ila neno limehama. Umeme ukikatika tunaambiwa kuna hitilafu ya mitambo, gari likizimika njiani kuna hitilafu ya injini. Limeshazoea gereji. Mwambie mtu ana hitilafu ya jeni, atarudi nyumbani akijihesabu mgonjwa.

Sasa angalia jinsi neno hilo linavyoweza kupotosha sayansi yenyewe. Iko jeni iitwayo CCR5, inayoelekeza utengenezaji wa kipokezi kilicho juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu. VVU hukitumia kipokezi hicho kama mlango wa kuingilia. Wako watu, hasa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambao jeni hiyo imepungukiwa herufi 32 za DNA, kemikali ambamo jeni huandikwa. Kwetu Afrika pengo hilo halipatikani ila kwa nadra sana. Aliyerithi pengo hilo kwa baba na kwa mama, kipokezi hakijitokezi juu ya seli, na aina za VVU zinazoenea zaidi hubaki nje. Hiyo utaiita hitilafu? Mwenye nayo angekucheka.

Lakini asicheke sana. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba watu haohao, wenye pengo pande zote mbili, wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua wakiambukizwa virusi vya West Nile. Naam, West Nile ya kwenu, eneo la Uganda uliko mji wa Arua. Virusi hivyo vilitambuliwa kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa huko Omogo, na wanasayansi wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Pengo moja, virusi viwili, matokeo mawili yanayopingana. Ndiyo maana nasema "tofauti". Haisifu wala hailaumu.

Nikiri kwamba "hitilafu" ina pahali pake. Protini zinazotokana na jeni za kundi liitwalo OAS hunusa RNA ya virusi, yaani maagizo yao ya urithi, ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kinachoikatakata. Kuna panya wa maabara ambao jeni yao moja ya kundi hilo, kwa sababu ya herufi moja tu, hutoa protini iliyokatika kabla ya kufika mwisho, na virusi vya West Nile huwaua kwa urahisi. Hapo hata mimi ningeandika hitilafu, kalamu isitetemeke.

Utakutana pia na "uanuwai", yaani wingi wa namna mbalimbali. Ni neno zuri ukizungumzia kundi zima, kwa mfano uanuwai wa jeni za Waafrika, ambao ni mkubwa kuliko wa watu wa bara lingine lolote. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, liache. Na "vinasaba", jina jingine la jeni au DNA, vilevile, ingawa Tanzania vinapendwa: habari za vipimo vya vinasaba zimezoeleka sana kwenye kesi za "mtoto huyu ni wa nani", na hutaki baba wa mtoto aondoke kwenye foleni amenuna.

Halafu "kinga ya virusi". Kiunganishi -a ni mtumishi wa kila bwana. Dawa ya mbu huua mbu, dawa ya meno haiui meno. Chanjo ya surua ni ya kuzuia surua, lakini kinga ya mwili ni mali ya mwili. Anayesoma "jeni za kinga ya virusi" anaweza kudhani virusi ndivyo vyenye kinga, na kwenye mazungumzo ya dawa zilizoshindwa kufanya kazi maana hiyo si ya mbali. Tia "dhidi ya", mambo yaishe.

Mimi ningeacha majina nikatumia vitenzi, hivi: "Tutachukua damu kidogo ili kuangalia jinsi jeni zinazoukinga mwili dhidi ya virusi zinavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Jeni zako hazitabadilishwa." Sentensi ya pili haimo katika fomu ya asili, najua. Waombe wenye utafiti ruhusa uiongeze, na uwaeleze aliyoyasema yule mama.

Jambo dogo la mwisho. Ni jeni hii, jeni hizi. Katika aya ya tatu ya fomu uliyonitumia umeandika "majeni". Lifute leo, kabla mtu hajamsomea mama yule kwa haraka akasikia majini.