Re: Aliyefungwa kwa siasa ataleta amani gani mtaani?

Kaka umeuliza mtu aliyetoka jela kwa mambo ya siasa atampatanisha nani, mi naona huyo ndo anasikilizwa kuliko wote. Cheki Belfast kule Ireland ya Kaskazini, baada ya mkataba wa amani wa 1998 wafungwa wa makundi yenye silaha ya pande zote mbili, Wakatoliki na Waprotestanti, waliachiwa mapema, na baadhi yao ndo wakawa wanashinda na simu mkononi usiku, vijana wakianza kurushiana mawe pale kwenye ukuta unaotenganisha mitaa yao, huyu anampigia mwenzake wa upande wa pili, kila mtu anaenda kuwatoa watoto wa kwake. Polisi wangewaambia nini wale? Ila waliouliwa ndugu zao wana haki kabisa ya kukasirika, tusilifiche hilo. Hata hapa kwetu Tanga vijana wakizinguana anaitwa mtu wanaemheshimu, cheo baadae.