Ukitumwa Tana kuuliza habari za mabwawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utafiti kutoka Malindi, fomu mtakayopewa haitakosa swali hili: "Bwawa limekuathiri vipi?" Lirukeni. Bwawa la Masinga, huko juu ya mto Tana, liko mbali mno na Kipini, kijiji cha mdomoni mwa mto, na mzee anayetega samaki kwa mgono hajawahi kuliona. Anachokijua ni maji. Zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, ukajaza maziwa madogo ya delta, kambare wakaingia majanini kutaga, na maji yalipopungua mitego ikajaa. Muulizeni hayo.

Mwaka msimuulize. Semeni: ilikuwa kabla ya mafuriko makubwa ya 1961, au baada ya El Nino ya 1997? Kisha linganisheni nyinyi wenyewe na miaka ya mabwawa ya Tana: Kindaruma 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Mkulima akililaumu bwawa kwa ukame na kwa mafuriko papo hapo, hajipingi. Mto hauji tena kwa majira yake, lakini mwaka 2018 mabwawa ya juu yalifurika na mashamba ya huku chini yakamezwa.

Kwa Wasanye, wawindaji wa jadi wa msituni, au Waata kama wanavyojiita, ndipo wengi huharibu kazi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Ukifika na kalamu ukiulizia mitego ya paa, utaambiwa hapa hakuna anayetega, na nani atamlaumu aliyekujibu hivyo? Anza na asali. Mrina asali anaujua msitu mti kwa mti, na akikuamini atafika kwenye wanyama bila kusukumwa. Hata hivyo, kati ya marufuku na Masinga ni miaka minne tu. Anayesema nyama ilitoweka "siku zile" huenda anazungumzia askari wa wanyamapori, si mto. Ripoti nyingi huchanganya mawili haya, kwa uvivu tu.

Mbega wekundu wa Tana nao wasihesabiwe peke yao. Tazameni chini ya mikuyu: kuna miche? Msitu wa kingoni hunywa maji yanayozama ardhini mto ukifurika, na panga la mkulima nalo lina sehemu yake.

Halafu kuna Sabaki, mlangoni kwetu. Athi, Galana na Sabaki ni mto mmoja, na bwawa la Thwake linajengwa juu yake, huko Makueni. Wavuvi wa mdomoni mwa mto waulizwe sasa wanapata nini na mwezi gani, kwa sababu kule Tana aliyeuliza mapema hatukumpata.