Mpigie Simu Kabla Hajanunua Mahindi

Wiki hii kijana mmoja wa Nanyuki ameniandikia: "Kaka, wateja wapya watanitoa roho. Mtu ananunua farasi na hajui hata anakula nini. Wewe unawavumiliaje?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na yaliniponza.

Nilianza kama saisi, yaani mtunza farasi, pale Ngong, kwa farasi wa mashindano. Kuamka saa kumi alfajiri, kuchokoa kwato, kumtembeza farasi mpaka jasho limkauke. Miaka ikapita, nikaanza kuuza farasi waliostaafu mbio. Mnunuzi wangu wa nne alikuwa mzee mmoja mwenye shamba, mpole, hajawahi kushika hatamu maishani mwake. Akawa ananipigia kila usiku. Farasi ameinamisha kichwa, anaumwa? Amelala chini, amekufa? Usiku wa tano nikamfokea: "Mzee, kama hukuwa tayari ungenunua mbuzi." Akasema, "Sawa, kijana." Hakupiga tena.

Baada ya wiki mbili saisi wake akanipigia. Farasi anagaagaa, anageuza shingo kujitazama ubavu, jasho linamchuruzika. Mzee alimwona amekonda, akamwekea ndoo nzima ya mahindi. Farasi hatapiki. Akishavimbiwa na nafaka, hana njia ya kuitoa. Chakula chake hasa ni nyasi, na nafaka hupewa kidogo kidogo. Maelezo hayo ni dakika moja ya simu! Daktari wa mifugo alikuja, tukahangaika mpaka alfajiri, farasi akafa. Mzee aliniambia, "Niliogopa kukuuliza." Kauli hiyo bado inaniuma.

Ndugu zangu mlio kwenye kazi hii, anayeuliza mambo madogo ndiye mteja wa kumshikilia. Mjibu. Akirudia, mjibu tena.

Mwezi uliopita, hapa Karen, mama mmoja alimpanda farasi niliyemtoa kwenye mbio. Farasi akachangamka, mama akaogopa, akavuta hatamu kwa nguvu zake zote, na farasi akazidi kukimbia. Farasi wa mashindano amezoezwa hivyo: ukikaza hatamu, yeye huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Aliposhuka alinipigia kelele mbele ya watu, "Umeniuzia mwehu!" Damu ilinichemka, sikatai. Nikanyamaza. Nikashika upande mmoja wa hatamu, yeye nikampa mwingine, nikamwambia avute. Kisha alegeze. Avute, alegeze. Tulifanya hivyo tukiwa tumesimama chini, hadi mikono yake ikaacha kutetemeka. Nilimweleza mara saba, labda nane.

Jumamosi iliyopita alizunguka uwanja peke yake, mbio ndogo, hatamu zimelegea vizuri, na ameshaniletea rafiki zake wawili. Najivunia hilo kuliko farasi yeyote niliyemuuza kwa bei kubwa. Anayekufokea ana hofu, na hofu haitolewi kwa ukali. Ukichoka kueleza, kanywe maji, urudi ueleze tena. Nasi tulifundishwa na watu waliotuvumilia.

Kijana wangu wa Nanyuki, huyo mteja asiyejua farasi anakula nini, umeshamwambia? Mpigie leo jioni.