Kabla ya Kuuliza Chumba Jambiani, Uliza Maji

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Morogoro ambaye amekuwa akisoma makala zangu za safari. Anataka kumpeleka mama yake mzazi pamoja na watoto wake watatu Jambiani, kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, na ameniuliza maswali mawili tu: nyumba gani ya wageni ina chakula kizuri, na iwapo chumba kinachoelekea baharini kinastahili kulipiwa zaidi. Tarehe ameshaichagua, siku ya Jumamosi, kwa sababu watoto watakuwa wamefunga shule. Niliusoma ujumbe ule mara mbili na moyo ukanisokota, maana maswali hayo ndiyo niliyoyauliza mimi miaka minne iliyopita, nikajibiwa vizuri yote mawili, na safari ikaharibika vilevile.

Wakati huo wenzangu kumi na mmoja wa ofisini Dar es Salaam walikuwa wamenikabidhi mchango wao wa miezi minane ili niwaandalie mapumziko ya siku mbili. Sijisifu nikisema kwamba niliifanya kazi ile kwa uangalifu ambao sijauona kwa mtu mwingine tangu hapo. Nililinganisha bei za nyumba sita, nikapiga simu kuuliza habari za maji ya bomba, umeme, vyandarua na hata aina ya mchele, nikaandika ratiba ya kurasa tatu na kumpa kila mtu nakala yake. Katika kurasa zile tatu hakuna mahali nilipoandika neno bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, kwa sababu nilikuwa silijui. Nimezaliwa na kukulia Mwanza, ambako ziwa ukiliacha jioni unalikuta asubuhi pale pale ulipoliacha. Hata hiyo miaka kumi niliyokuwa nimeishi Dar es Salaam haikunifundisha kitu. Niliona maji yakisogea na kurudi pale Coco Beach, lakini sikuwahi kujiuliza yanafuata ratiba ya nani.

Tulivuka siku ya Ijumaa, tukapanda gari la kukodi kutoka Mjini, tukapita msitu wa Jozani na kima punju wake, na ilipotimia saa kumi na moja jioni tulikuwa tumesimama kwenye baraza ya nyumba tuliyofikia, bahari ikigonga ngazi ya mwisho kwa rangi ile ambayo kila mtu anaijua kutoka kwenye picha. Wenzangu walinipigia makofi. Hakuna aliyeingia majini, kwa sababu tulikuwa tumechoka na chakula kilikuwa mezani, na sote tuliambizana kwamba kesho ipo. Baadaye kidogo mwezi mpevu ulichomoza moja kwa moja kutoka baharini, mkubwa na mwekundu, nami nikaupiga picha na kuituma nyumbani Mwanza nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyefanikiwa.

Asubuhi, mnamo saa nne, watu walitoka vyumbani na taulo zao mabegani, wakakuta bahari haipo. Sitii chumvi. Mbele yetu kulikuwa na mchanga mweupe wenye mabaka ya majani, vidimbwi vidogo, ngalawa tatu zimelala ubavu, na mbali kabisa, karibu na ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye mwamba, wanawake waliokuwa wameinama, wadogo kama nukta. Mwenzetu mmoja, ambaye hadi leo bado tunafanya kazi chumba kimoja, aliniuliza mbele ya wote iwapo niliilipia bahari kwa nusu siku. Walicheka sana. Tangu siku hiyo jina langu pale ofisini ni Meneja wa Maji Makavu, na nimelizoea kwa namna mtu anavyozoea kokoto kwenye kiatu.

Laiti ningekubali kuchekwa, mambo yangeishia hapo. Badala yake nilitaka kuiokoa heshima yangu, nikatangaza kwamba mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa kuwapeleka kwa miguu hadi kwenye mwamba. Watu watano walinifuata, watatu wakiwa miguu mitupu. Tuliondoka mnamo saa tano, na njiani tulifanya makosa ambayo nayakumbuka kwa aibu zaidi kuliko ile kejeli ya taulo. Kwanza tulikuta malundo ya mawe yaliyozungushiwa vijiti, na mmoja wetu akaanza kuyafumua kwa mguu ili aone kilichomo; yalikuwa makumbi ya nazi ambayo wanawake wa kijiji huyafukia mchangani kwa miezi mingi hadi yaoze, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Halafu tulijikuta katikati ya safu za vijiti vilivyounganishwa kwa kamba nyembamba, na mimi, nikiwa nimegeuka nyuma kuzungumza, niliikwaa kamba moja na kuiburuta hatua kadhaa.

Bibi mmoja aliyekuwa akijaza kiroba alinyanyuka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kutabasamu, kisha akasema, "Hilo unaloliburuta kwa mguu ni shamba, mwanangu." Alichutama, akaifuata ile kamba kwa vidole hatua kwa hatua, na kila alipokuta shada la mwani limechomoka alilirudisha na kulifunga upya kwa kikamba chake kidogo, fundo moja, fundo la pili, bila haraka, sisi tukiwa tumesimama juu yake kama watoto waliovunja chungu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe nchani kwa maji ya chumvi. Baadaye nilijifunza kwamba kilimo hicho kilianza kibiashara upande ule mwaka 1989, hapo Jambiani na Paje, kwamba shada hukaa majini wiki sita hivi kabla ya kuvunwa, na kwamba ile aina yenye bei nzuri, inayoitwa cottonii, imekuwa ikifa kila maji yanapopata joto sana, hivyo wengi wamebaki na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Mguu wangu ulikuwa umepita juu ya wiki kadhaa za kazi ya mtu.

Tuliendelea mbele. Tulifika karibu na mwamba, tukapiga picha, na mwenzetu mmoja akakanyaga kile kiumbe cha mviringo chenye miiba mirefu myeusi, miiba ikamkatikia unyayoni, ikawa lazima tumshike kwapani wakati wa kurudi. Kutoka mbali niliwaona wale wanawake wakijitwika viroba na kuelekea kijijini, na yule bibi akitupungia mkono. Nami nilimpungia. Nilidhani ananisamehe. Kumbe alikuwa anatuita.

Nieleze hapa jambo ambalo natamani kila mgeni wa upande ule alifahamu. Maji hayarudi kama pazia linalovutwa kutoka mwambani kuja ufukweni, ambapo mtu anaweza kutembea mbele yake kwa raha. Huingia kupitia milango ya mwamba na kujaza kwanza mahali palipo chini, na mara nyingi mahali hapo pako nyuma yako, kati yako na nyumba. Tena hayaji kwa mwendo mmoja: katika saa sita hivi za kujaa, saa ya kwanza huonekana kama hakuna kinachotokea, na saa ya tatu na ya nne ndizo maji yanapokimbia. Sisi tulianza kurudi baada ya saa saba mchana, tukiwa bado tumesimama pakavu, na baada ya dakika chache tulikuta mkondo umetukatia njia, maji yakiwa ya magoti, kisha mapaja, kisha kiuno. Mmoja wetu, asiyejua kuogelea, alianza kulia kwa sauti. Simu mbili ziliharibika. Yule bibi alikuwa ametua kiroba chake na kurudi kutufuata, na kwa sauti kali alitupitisha njia ndefu ya kuzunguka, juu ya tuta la mchanga ambalo kwa macho yetu halikutofautiana na kwingine. Tulipofika nchi kavu nilitaka kumpa fedha. Aliniambia nimpe mwenye makumbi.

Miezi mitano baadaye nilirudi peke yangu kwa daladala namba 309, bila kumwambia mtu ofisini. Safari hiyo nilikaa siku nne na sikuandika ratiba yoyote. Asubuhi nilikuwa nikikaa chini ya mnazi na mzee mmoja mwenye ngalawa aliyekuwa akirekebisha dema zake, yaani mitego ya samaki, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba pale hesabu hufuata mwezi mwandamo. Kuanzia siku ya mwisho ya mwezi hadi tarehe tatu hivi, na tena kuanzia kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kukaribia mita nne. Kuanzia saba hadi kumi, na tena ishirini na mbili hadi ishirini na tano, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana. Kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Nilipomwonyesha ile picha ya mwezi mpevu ya safari ya kwanza, aliiangalia kwa muda, akanirudishia simu na kusema, "Mwezi ulikwambia, wewe ukaupiga picha."

Kwa pwani ile hesabu hii ina faida ambayo haimo katika vitabu vya wageni. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na ndiyo maana wanawake huenda kwenye mwani na kuchokoa pweza saa hizo, huku yakijaa jioni na alfajiri. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, na bahari huwa imejaa, tena imetulia, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Anayetaka kuogelea mchana na watoto aende maji mafu. Anayetaka kutembea na kuona kazi za watu aende bamvua. Mimi niliwapeleka waogeleaji kwenye bamvua, na bado nina hakika kwamba hata huyo mwenzangu mwenye kejeli asingejua tofauti kama angekuwa yeye ndiye mwandaaji, ingawa hajawahi kulikiri hilo.

Kwa hiyo uliza maji. Muulize mwenye nyumba ya wageni siku hiyo ni mwezi ngapi, yaani tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, na akikujibu kwamba bahari ipo siku zote, muulize mtu mwingine. Uliza tena ukifika, kwa sababu upepo nao una neno lake: wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, upande huo wa mashariki hupigwa na upepo mkali, na maji mafu ya kusi si tulivu kama yale ya mwezi wa pili, kaskazi inapoanza kulegea. Vaa viatu. Ukienda mwambani, mwombe mwenyeji akuongoze na umlipe, na wanawake wakigeuka kurudi nyumbani nawe geuka, hata kama picha haijatoka vizuri.

Na tukifika kijijini tujue tumefika kwa watu. Nasema hivi kwa ukali kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaotoka bara tunadhani ustaarabu wa pwani ni jambo la kuwasisitizia Wazungu tu. Nimewaona Watanzania wenzangu wakikatiza mbele ya msikiti wakiwa na nguo za kuogelea, Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Nimewaona wakimpiga picha mama aliyelowa kanga mwilini bila hata kumsalimu. Nimewaona dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, wakimzingira mvuvi ambaye ndiyo kwanza anashusha samaki, wakitaka changu wawili kwa bei ya utani kabla mnada haujaanza, na yeye akiwa na deni la mafuta ya mashine. Subiri mnada uishe. Wanaonunua kwa jumla wakiondoka, tasi na pono wanaobaki utawapata kwa maelewano, na pengine utaonyeshwa na namna ya kuwakaanga.

Dada yangu wa Morogoro, nimehesabu. Jumamosi uliyoichagua inaangukia mwezi pili, yaani tarehe mbili ya mwezi mwandamo, bamvua tupu. Mama na watoto watakapomaliza chai watakuta mchanga, na maji hayatakuwa karibu hadi saa tisa alasiri. Ukiweza, sogeza safari kwa wiki moja, uangukie mwezi tisa, maji mafu, na hapo chumba kinachoelekea baharini kichukue bila kusita. Ikiwa shule haziruhusu, chukua chumba cha nyuma, na fedha itakayobaki uwanunulie watoto yeboyebo imara zenye kufunika kisigino. Chakula ni kizuri nyumba zote mbili ulizozitaja.