Mwongozo wa LibreOffice kwenye wiki: anzeni na kazi, si menyu

Ndugu, umeuliza muupange vipi mwongozo wa LibreOffice (programu huria za kazi za ofisi) kwenye wiki, yaani tovuti inayohaririwa na wengi, ilhali kila mtu anaandika anapotaka. Msifuate menyu, hizo hubadilika toleo kwa toleo. Kila ukurasa ubebe kazi moja: "Kuweka namba za kurasa kwenye Writer", "Kujumlisha safuwima kwenye Calc" (Writer ni ya kuandika nyaraka, Calc ni ya majedwali ya hesabu). Juu yake andikeni toleo mlilojaribia, maana hapo ndipo miongozo mingi huozea. Istilahi nazo mkubaliane mapema: mmoja akiandika "faili" na mwingine "jalada", msomaji atadhani ni vitu viwili. Kufunga kurasa zisihaririwe na kila mtu? Mimi singefunga. MediaWiki, programu ya kuendeshea wiki, huhifadhi historia ya kila badiliko, kosa hutenguliwa upesi. Picha za skrini wekeni chache, kuzisasisha ni mzigo (nimeubeba, naujua).